Namba ya Bibi wa Kitabuni

Jumatatu, 11 Januari 2010

Simu tena. Asubuhi nzima kimya, watoto wakitoka shule tu inaanza. Nainua, nasema haloo. Upande wa pili pumzi. Halafu kisauti chembamba, karibu cha kunong'ona: "Bibi, umefunga mlango?" Kisha basi, imekatwa.

Mimi si bibi wa mtu. Sikuzaa, sembuse mjukuu. Na mlango sikuwa nimefunga! Nimekimbia kuufunga, nikateleza kwenye zulia, goti limeumuka kama mkate wa iliki. Kama ni utani, umefaulu.

Miaka yote niliyoendesha basi la shule sikuwahi kumwogopa mtoto. Lakini wale niliwaona kwenye kioo. Hawa siwaoni.

Nimemweleza Eila, jirani yangu. Akakoroga kahawa yake polepole, akasema labda ni marehemu mume wangu, ananitafuta kwa sauti ya kitoto. Nikamwambia Martti hata alipokuwa hai hakupenda simu. Tukacheka. Alipoondoka nikazungusha ufunguo mara mbili na kuegemeza kiti.

Alhamisi, 14 Januari

Nimemnasa mmoja! Sikusema haloo, nikakaa kimya, naye akaanza mwenyewe. Nikamkatiza kwa sauti yangu ya basi: "We mtoto! Namba hii kakupa nani?"

"Imo kitabuni, Bibi. Samahani, Bibi."

Basi nimeenda maktaba, theluji magotini. Mkutubi ananijua, mimi ndiye ninayemmalizia riwaya zake za polisi. "Bi Saima, leo umekuwa mtoto?" Kitabu kipo rundo zima mezani: mwezi huu shule zote za msingi za mji zinasoma hicho kimoja, watoto na wazazi wao nyumbani. Wamechukua ile hadithi ya kale ya mbwa mwitu aliyevaa nguo za bibi, wakaifanya riwaya, wakaileta kwetu. Msichana ana koti jekundu la hoki, anaitwa Tamsin, anavuka ziwa lililoganda. Na kwenye friji ya kwao imechorwa karatasi ya namba ya Bibi, kwa rangi, tarakimu kubwa. Namba yangu. Kama ilivyo!

Nilisoma palepale nimesimama, koti likidondosha maji. Si kibaya. Isipokuwa siku hizi haliwi mtu! Tamsin anampigia Bibi kumuuliza kama amefunga mlango, Bibi anajificha kabatini na tochi. Mbwa mwitu, kumbe, ni mpweke tu na ana njaa. Tamsin anampa bakuli la supu, mnyama analia, anakuwa mtu wa nyumbani. Mama yangu aliponisimulia mimi, mbwa mwitu alitafuna. Nililala na kisu cha siagi chini ya mto.

Hata hivyo nimeshusha pumzi. Si jini. Ni fasihi.

Jumanne, 19 Januari

Nimepiga Toronto kwa wachapishaji. Wakanirusha huku na huku mpaka kwa mhariri mwenyewe, Corinne Haddow, sauti laini kama losheni. Haiwezekani, amesema. Kwa kawaida vitabuni na kwenye sinema huwekwa zile namba za uongo ambazo kila mtu anazijua. Mwandishi alizikataa, eti watoto wa leo wakiziona wanacheka. Wakatumia namba ya zamani ya ofisi yao, ambayo walishaikata.

"Tuliipiga wenyewe kabla ya kuchapa, Bi Rautio. Imekufa."

"Basi unaongea na maiti."

Akauliza, taratibu, watoto wanapiga tarakimu ngapi. Saba, nikasema, kama zilivyochorwa. Hapo tukaelewa wote wawili kwa pamoja. Hawakuweka zile tatu za mkoa mbele! Kumi zisingeenea kwenye karatasi ya friji. Na kwao Toronto mtu hupiga kumi hata akimtafuta jirani, wamezoea, nani angefikiria? Huku kwetu bado tunapiga saba, na saba zinalia hapahapa mjini. Kila mkoa wa namna yetu una bibi wake. Corinne akakumbuka kuna mzee wa Nova Scotia anayewatukana kwenye simu tangu Krismasi. Walidhani ni kichaa.

Wameomba radhi. Watanibadilishia namba kwa gharama yao: Ijumaa ya tarehe 29, saa kumi na moja jioni, hii ya sasa inakatwa. Nikasema sawa. Namba yenyewe sina mapenzi nayo, niliipata vuli iliyopita nilipohamia mjini.

Alhamisi, 21 Januari

Theluji tangu alfajiri.

Siku hizi nawajibu. "Umefunga mlango, Bibi?" — "Nimefunga, mjukuu, ila mbwa mwitu ana ufunguo." Wanapiga kelele, wanakata, wanapiga tena. Mmoja aliulizia meno yangu. Nikamwambia yamo kwenye glasi, njoo uyachukue.

Leo simu ililia kabla ya chakula cha mchana. Saa za shule! Hapo ndipo ilibidi nishtuke. Msichana. Hacheki.

"Bibi, ule ukurasa wa supu."

"Umefanyaje?"

"Nilimpa supu. Kama kwenye kitabu. Akala. Halafu akaendelea."

Nikasema, kwa sauti yangu ya mchezo, basi ongeza chumvi. Mungu wangu.

"Niliongeza," akasema. "Supu ikishindwa, Bibi anafanya nini? Nimetafuta, ukurasa wenyewe hamna."

Nikamuuliza jina. Tamsin, akasema — yule wa kitabuni. Na huyo aliyekula supu? "Dale." Dale kitabuni hayumo. Mama yuko wapi? "Amelala." Mbona hujaenda shule? "Dale kasema nina homa." Unayo? "Hapana."

Halafu haraka haraka: "Gari lake hilo. Usikate wewe, Bibi. Nakata mimi." Akakata.

Nimebonyeza ile huduma ya kumrudia aliyepiga mwisho. Mashine ikajibu namba imefichwa. Nyumba ya kawaida inaficha namba ya nini?

Nikapiga polisi. Konstebo mmoja, Mazur. "Mama, mwanangu mwenyewe ana kitabu hicho. Wanacheza."

"Wanacheza na supu?"

"Wanacheza na kila kitu, mama. Akitamka jambo la kueleweka, nipigie."

Simlaumu. Nimesoma riwaya za polisi za kutosha. Mjane anayepiga simu kituoni ni mhusika anayejulikana.

Jumapili, 24 Januari

Anga safi, baridi ya kukata masikio. Ijumaa hakupiga, jana hakupiga. Wale wa utani wa meno wanapiga tu.

Nilikuwa namimina kahawa. Haloo? Mwanamume. Sauti ya kawaida, hata ya upole. Hilo ndilo baya.

"Samahani, hapo ni wapi? Naiona namba hii kwenye simu yangu ya nyumbani. Sikumbuki kuipiga."

Mdomo ukajisemea wenyewe: "Duka la mikate."

"Duka gani?"

"Letu," nikasema. Upumbavu!

"Jumapili mko wazi?"

"Nasafisha oveni, baba. Maandazi ya sukari ya pinki yameisha."

Akacheka kidogo. "Na mtoto alitaka nini kwenu?"

"Mtoto yupi? Hapa watoto wa mji mzima wanapiga." Ambayo ni kweli tupu.

Nilisikia televisheni nyuma yake, mchezo wa hoki, watu wanashangilia. "Haya," akasema. "Haya, Mama Mikate." Akakata.

Nikafikiria kitabu cha simu. Hicho hupangwa kwa majina, mwenye namba peke yake ataanzia wapi? Nikapumua. Halafu nikakumbuka kompyuta. Nikaenda kwa Eila bila hata kufunga vifungo vya koti. Tukaandika namba yangu. Papo hapo: jina, mtaa, namba ya nyumba, na ramani yenye alama nyekundu juu ya paa langu.

"Paa wamelipatia," Eila akasema. Halafu hakutania tena. "Leo unalala kwangu."

Nikakataa. Simu atapokea nani?

Jumanne, 26 Januari

Theluji! Naye msichana akapiga.

Sasa nimeelewa. Dale ana pikapu yenye bamba kubwa la chuma mbele, anawasukumia watu theluji nje ya nyumba zao. Ikianguka, yuko nje anatafuta riziki. Ikikatika, anarudi. Alinieleza kwa utulivu, kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Kwa hiyo anga safi ndiyo hatari, na mimi wiki nzima nalishukuru jua!

Mama anaamka kidogo, anasema, halafu Dale anampa dawa, analala tena. Jana alimwita binti yake kwa jina la shangazi.

Nikamuuliza mtaa. "Siruhusiwi. Dale kasema polisi wakija watamchukua Mama."

"Ukitoka tu mlangoni, mwanangu, ukakimbilia nyumba ya kwanza?"

"Buti zangu anazo kwenye gari. Na za Mama."

Anaondoka na buti! Huku kwetu, mwezi huu, hiyo ni kufuli tosha.

Akauliza kama mimi niliwahi kumwogopa mbwa mwitu. Ningeweza kudanganya. Nikamwambia namwogopa sasa hivi, hapa nilipokaa.

"Kweli? Kitabuni Bibi haogopi."

"Kitabuni hana goti bovu."

Akacheka! Kicheko kifupi, kama kikohozi, halafu akakimeza. Akataka kujua kwenye hadithi ya zamani ilikuwaje. Nikasitasita. Nikamwambia: ya zamani hakuna supu. Ya zamani mbwa mwitu ni mbwa mwitu mpaka mwisho, na kosa si la msichana. Akafikiri. Akasema hiyo ni bora. "Nilidhani supu yangu ilikuwa mbaya."

Halafu, "Usikate wewe," na akakata.

Nikavaa, nikapanda basi hadi kituoni mwenyewe. Mazur ni kijana mwenye masharubu ya kujaribia. Alisikiliza habari za dawa akiandika. Nilipofika kwenye buti, kalamu ikasimama. Ni mzaliwa wa hapahapa, hahitaji kufafanuliwa buti.

"Mama, baada ya simu yake ulibonyeza nyota tano saba?"

Nyota nini? Kumbe ipo. Simu ikishakatika, unainua tena, unabonyeza nyota, tano, saba, na mitambo ya kampuni inamhifadhi aliyepiga, hata akiwa amejificha, polisi wanapewa. Lakini inashika simu ya mwisho tu. "Tangu yeye, amepiga mwingine?"

Watatu. Wote wa meno.

Mazur akajikuna shingo. "Basi akipiga tena, mama, simu ikikatika tu, bonyeza. Usingoje hata kukaa vizuri." Na Dale je? "Wenye pikapu na bamba wanaoitwa Dale? Kwenye ukoo wangu peke yake ninao wawili."

Jumatano, 27 Januari

Anga kama sahani ya bluu. Nimeichukia.

Asubuhi pikapu yenye bamba ilisimama mbele ya nyumba, injini inanguruma, dereva kainamisha kichwa. Nikaketi sakafuni chini ya dirisha na sufuria mkononi. Sufuria! Ilikuwa na uji wa jana. Kumbe anamsafishia Eila theluji. Eila anasema anaitwa Gord na ana wajukuu. Sawa. Mbwa mwitu naye huenda ana wajukuu.

Kisha nikakumbuka Ijumaa. Namba! Wanaikata Ijumaa!

Kampuni ya simu, baada ya muziki mrefu: "Ombi liliwekwa na mteja mwingine, mama. Yeye ndiye wa kuliondoa."

"Lakini simu ni yangu."

"Ndiyo, mama. Simu ni yako. Ombi si lako."

Corinne. Ananielewa kabisa, anasema. Ila mwanasheria wao anasema wameshajua kosa, kwa hiyo kila siku namba inapobaki hai lawama ni yao. "Hatutaki mtoto yeyote aogope kwa sababu ya kitabu chetu."

Nikamwambia yupo mmoja anayeogopa bila msaada wao, na kitabu chao kimemwambia tatizo ni njaa. Nikasikia analia. Mhariri, analia, na mimi ndiye niliyemliza. Alisema atajaribu kwa wakubwa.

Mazur: polisi wanaweza kuzuia, au kufukua rekodi za wiki nzima, kwa karatasi ya hakimu. Hakimu ni Jumatatu. Amesema ameanza kupita mitaani akitazama pikapu. Akasikika mchovu. Nilimpenda kidogo.

Alhamisi, 28 Januari

Anga safi. Nimepiga magoti, goti bovu na yote, nikaomba theluji. Mwezi wa Januari, mji huu! Majirani wakijua watanichoma.

Hakuna simu yake. Kila nikiifikiria ile nyumba naona buti zimekaa kwenye kiti cha abiria, kubwa na ndogo, zinaendeshwa mjini.

Yule mwanamume alipiga jioni. Hakusema kitu. Hoki nyuma yake, kisha akazima televisheni ili anisikie vizuri. Nami nikanyamaza. Tulisikilizana, sijui muda gani. Nikasema, "Mikate imeisha, baba." Nikakata. Kwa pupa, nyota niliipata mara ya tatu. Hapo simu nyingine ilikuwa imeshaingia katikati ya vidole vyangu. Mtoto. "Bibi, umefunga mlango?" Nimemfokea. Amelia. Namba ya mbwa mwitu nimeipoteza kwa ajili ya mlango!

Mazur nilipomwambia alitoa pumzi ndefu, akasema, "Pole, mama." Ningependa zaidi angenitukana.

Ijumaa, 29 Januari

Asubuhi. Mawingu. Redio inasema theluji mchana. Corinne amepiga: wakubwa wamekubali! Ombi limeondolewa. Nikapiga kampuni kuhakikisha. Ndiyo, limeondolewa, mama, ila mafundi walishapangwa, mfumo utajirekebisha Jumatatu. Kwa hiyo leo saa kumi na moja inakatwa vilevile. Jumatatu itafufuka. Nimecheka vibaya, Eila akanitazama.

Eila yuko hapa na simu yake ya mkononi, namba ya Mazur imeshawekwa tayari. Amekuja na mkate wa iliki na shoka dogo la kuni. Hakueleza, sikuuliza.

Mchana. Inaanguka. Kwanza kama unga, sasa mapande. Nje pikapu zinatoka moja moja kama mende.

Watoto wametoka shule. Wanapiga! Mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anaziba njia. "Bibi ameliwa!" nawaambia. "Mazishi Jumatatu! Msipige!" Wanafurahi, wanaambizana, wanapiga zaidi. Eila anasema nijaribu kuwachosha. Nimejaribu kusoma matangazo ya hali ya hewa. Wawili wamekata.

Saa kumi imepita. Ni yeye.

Naandika huku simu nimeibana begani. Mwandiko wa kuku, basi. Nisipoandika nitapiga kelele.

Mama haamki kabisa leo. Anakoroma "kama maji kwenye bomba". Nimeandika hilo kwenye ukingo wa gazeti nikamsogezea Eila, naye anamnong'oneza Mazur. Mazur anasema, kwa mdomo wa Eila: gari la wagonjwa liko tayari, polisi wako kwenye magari, hawana mtaa tu. Mtaa!

Nimemwambia: mwanangu, Mama anaumwa, anahitaji daktari sasa, hakuna atakayemchukua isipokuwa kumtibu. Niambie mtaa.

"Sijui jina," amesema. "Tumehamia Krismasi. Dale ndiye anajua."

Hakuwa anaficha. Hajui! Wiki nzima nadhani anaogopa kusema.

Nje unaona nini? Theluji. Na nini? Ua wa jirani. Rangi? Theluji.

Nikamwambia, kata basi, kata wewe, ili nibonyeze kitu cha kukutafuta. Akauliza nitampigia? Nikasema siwezi kupiga, ila watu watakuja. Akawa anafikiri, nikamsikia anafikiri, angekubali, naapa angekubali. Halafu: "Gari."

Mbona amerudi? Inaanguka bado! Nimetazama dirishani. Haianguki. Imekatika, kimyakimya, hata hatukuona.

Msichana ameingia na simu chini ya blanketi. Ni ile simu isiyo na waya. Ananong'ona sasa hawezi kukata, kile kitufe kinalia pii, kinasikika ukumbini. Na nikikata mimi? Eila amemuuliza Mazur. Ya mtoto itakaa kimya kidogo, kisha itaanza ule mlio wa simu iliyosahauliwa bila kukatwa, ule wa kuamsha mtaa. Kidogo ni kiasi gani? Mazur hajui. Hakuna ajuaye. Eila anasema Mazur anasema kata, mama, kata sasa hivi, tunangoja.

Mlango wao. Nimeusikia. Buti zinakung'utwa theluji, moja, nyingine, bila haraka. Anaita jina — si Tamsin. Sasa nalijua jina lake. Sitaliandika.

Nimwambie mtoto kwamba nakata? Nikimwambia atalia, akilia atasikika.

Friji imefunguliwa. Chupa. Anaimba kitu puani.

Eila ananionyesha saa ya ukutani. Ikigonga kumi na moja inakatika yenyewe, na hapo hakuna nyota, hakuna tano, hakuna saba, mpaka Jumatatu. Bado kidogo sana. Ameonyesha kwa kidole, halafu amefunga macho.

Hatua ukumbini.

"Bibi, upo?"

Nipo.

"Hutakata?"

Sikati, mwanangu, nimemwambia. Sikati kabisa. Sijawahi kuwa na sauti laini namna hii maishani mwangu. Kidole kimeshafika kwenye kitufe cha kukata, nakibonyeza